Somo la Ugatuzi: Vijana na Kalenda ya Bajeti ya Kaunti

Kila mwaka, Juni inapokaribia kwisha, kumbi za wadi hujaa watu. Mwendeshaji wa bodaboda anasimama kuuliza ni kwa nini stendi yao haina paa. Msichana aliyemaliza kidato cha nne anauliza ni kwa nini chuo cha ufundi kilicho karibu na kwao hakina cherehani za kutosha. Afisa anaandika, anashukuru, na mkutano unafungwa kwa sala. Julai bajeti mpya inaanza kutumika. Paa halimo, cherehani hazimo. Mwaka unaofuata yule wa bodaboda haendi tena mkutanoni. Anawaambia wenzake kwamba kwenda kule ni kupoteza siku ya kazi.

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni kwamba vijana hawasikilizwi. Mahali pengine hayo ni kweli, na somo hili litaeleza la kufanya ikiwa ndivyo. Hata hivyo, kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana: hoja ilikuwa nzuri, ila ilifika hesabu zikiwa zimekwisha kufungwa. Bajeti ya kaunti ina kalenda yake iliyowekwa kisheria. Anayeijua kalenda hiyo hufika mapema akakuta nafasi. Asiyeijua hufika mwishoni, akasikilizwa kwa heshima zote, na akarudi mikono mitupu.

Somo hili linaeleza haki alizo nazo kijana, kazi ya baraza la vijana, miezi ya kutoa hoja, na namna ya kuifuatilia hoja hadi ijibiwe.

KIJANA NI NANI, NA KATIBA INAMPA NINI?

Kwa mujibu wa Ibara ya 260 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kijana ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 na ambaye hajafikisha miaka 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul nchini Gambia mwaka 2006, huanzia chini zaidi: unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takribani robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Kwa hiyo mambo ya vijana si mambo ya kikundi kidogo kilichokaa pembeni.

Ibara ya 55 inaitaka serikali kuchukua hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, wapate nafasi ya kujumuika, kuwakilishwa na kushiriki katika siasa, jamii na uchumi, wapate ajira, na walindwe dhidi ya mila zenye madhara na unyonyaji. Ibara ya 10 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Ibara ya 196 inaliagiza Bunge la Kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi na kuwezesha umma kushiriki. Ibara ya 201 inasema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa.

Pamoja na wawakilishi wadi 1,450 wanaochaguliwa katika kaunti zote 47, Katiba, katika Ibara ya 177, inataka mabunge ya kaunti yawe pia na wajumbe wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo vijana na watu wenye ulemavu. Wajumbe hao huteuliwa kupitia vyama vya kisiasa. Vijana wa wadi wakimjua mjumbe aliyeteuliwa kwa niaba yao, wana mlango wa pili wa kubisha zaidi ya ule wa mwakilishi wadi wao.

Kushiriki huku hakuishii kwenye kura. Katika uchaguzi wa 2022 kulikuwa na wapiga kura 22,120,458 walioandikishwa, na karibu asilimia 40 walikuwa vijana. Kura hupigwa siku moja katika miaka mitano. Bajeti hupitishwa kila mwaka. Kijana aliyekosa kupiga kura, au ambaye mgombea wake alishindwa, bado ana haki ile ile ya kutoa maoni kuhusu matumizi ya fedha za kaunti.

BARAZA LA VIJANA LINAFANYA KAZI GANI?

Bunge la Kitaifa lilipitisha Sheria ya Baraza la Kitaifa la Vijana mwaka 2009, kabla ya Katiba ya sasa. Miongoni mwa kazi ambazo sheria hiyo inalipa baraza ni kuwa sauti ya vijana na daraja kati yao na serikali, ili watunga sera wajue maoni na matarajio ya vijana. Maneno hayo mawili, sauti na daraja, ndiyo kipimo cha baraza lolote la vijana, liwe la taifa, la kaunti au la wadi. Baraza linalopokea wageni na kupigwa picha tu halijawa sauti. Nalo baraza linalopiga kelele nje ya ofisi bila kurudi kijijini kueleza kilichojibiwa halijawa daraja.

Katika wadi nyingi vijana hawana baraza rasmi. Wana vikundi: chama cha bodaboda, timu ya kandanda, kikundi cha akina dada wanaoweka akiba, kwaya, vijana wa msikitini, wahitimu wa chuo cha ufundi. Hakuna sheria inayowazuia kukutana na kuchagua watu wa kuwasemea. Kinachohitajika ni utaratibu. Kila kikundi kitoe wajumbe wawili, mwanamume na mwanamke. Vijana wenye ulemavu wawe na kiti chao. Mwenyekiti na katibu wachaguliwe kwa muda maalumu, usiozidi miaka miwili kwa mfano, ili wengine nao wajifunze. Kumbukumbu ya kila kikao iandikwe kwenye daftari moja, na daftari hilo liwe mali ya baraza, si ya katibu.

Kaunti ya Makueni hutajwa mara nyingi inapozungumzwa habari ya ushirikishwaji wa umma. Huko, kamati za maendeleo huchaguliwa na wananchi kuanzia kijijini, kisha hoja hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye wadi na kaunti. Faida ya mpango wa namna hiyo ni kwamba pendekezo linapofika mezani kwa maafisa tayari limekwisha kujadiliwa na watu wengi, na linajulikana limetoka kijiji gani. Vijana wa wadi yoyote wanaweza kujifunza kutokana na hilo: kuanza kijijini, kukubaliana, kisha kupanda na hoja moja au mbili badala ya hoja ishirini zinazogombana.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo mwenyekiti wake ni gavana. Wananchi wanaokaa humo hupendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Vijana hawakutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Hivyo vijana wanaotaka kusikika katika jukwaa hilo wanapaswa kuwa wanachama hai wa mashirika yanayotajwa, au kumtafuta mapema mjumbe anayewakilisha shirika lao na kumpa hoja yao kwa maandishi.

KALENDA YA BAJETI

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini maandalizi ya mwaka huo huanza karibu miezi kumi kabla. Hizi ndizo tarehe ambazo kila kikundi cha vijana kinafaa kuzibandika ukutani:

Kufikia tarehe 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Huu ndio unaoorodhesha miradi na programu ambazo kaunti inakusudia kutekeleza katika mwaka wa fedha utakaoanza Julai ya mwaka unaofuata.

Kufikia tarehe 28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti huwasilishwa bungeni. Waraka huu hupanga viwango vya juu vya matumizi kwa kila idara. Sheria inaitaka hazina ya kaunti kutafuta maoni ya umma inapouandaa.

Kufikia tarehe 30 Aprili: Makadirio ya bajeti huwasilishwa bungeni. Hapa fedha zimekwisha kugawanywa kwa idara na kwa miradi.

Kufikia tarehe 30 Juni: Bajeti hupitishwa.

Baada ya bajeti kupitishwa, ndani ya siku 90: Mswada wa Fedha wa Kaunti nao hupitishwa. Mswada huu hueleza ada na tozo zitakazotozwa na kaunti, kama vile ada za leseni za biashara, soko na maegesho.

Juu ya yote haya kuna mpango wa miaka mitano, ambao wengi huuita CIDP. Mpango uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma zisitengwe bila mpango ulioidhinishwa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo afisa wa mipango atamwuliza kijana ni hili: hoja yako iko wapi katika mpango wa miaka mitano? Kijana aliyeusoma atajibu kwa kutaja ukurasa.

Sasa sababu ya hoja za Juni kupotea inaonekana. Kwa mujibu wa kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015, Bunge la Kaunti linapobadilisha makadirio, nyongeza au punguzo haliwezi kuzidi asilimia moja ya kiwango kilichowekewa fungu husika. Hata mwakilishi wadi mwenye nia njema ana nafasi finyu sana wakati huo. Waliofika Agosti walikuta karatasi nyeupe. Waliofika Februari walikuta viwango vinajadiliwa. Waliofika Juni walikuta nafasi ya asilimia moja. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

MFANO: CHUO CHA UFUNDI CHA WADI

Chukua mfano wa wadi yenye chuo cha ufundi. Kuna cherehani nane, lakini tatu tu ndizo zinazofanya kazi. Wasichana kumi na watano hugawana hizo tatu, na wengine wameacha masomo. Juni iliyopita vijana walilalamika mkutanoni na hawakupata kitu. Safari hii wanaanza Julai.

Hatua ya kwanza wanauliza: je, hili ni jambo la kaunti? Jadweli ya Nne ya Katiba inagawa majukumu. Shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya, masoko, barabara za kaunti na taa za barabarani ni mambo ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu na polisi viko chini ya serikali ya kitaifa. Hoja nyingi za vijana hupotea kwa sababu zimepelekwa kwenye mlango usio wake. Chuo cha ufundi ni cha kaunti, kwa hiyo wanaendelea.

Hatua ya pili wanahesabu. Wanagawana vijiji, wanazunguka na daftari, na kuuliza nyumba kwa nyumba ni vijana wangapi waliomaliza shule wangependa kujifunza ushonaji, na ni wangapi walioacha kwa sababu ya uhaba wa mashine. Wanamwuliza mwalimu gharama ya kutengeneza cherehani tano mbovu na bei ya kununua mpya. Huenda wakagundua kwamba kutengeneza ni nafuu zaidi. Hesabu hii ya siku mbili ina uzito kuliko hotuba ya nusu saa, kwa sababu afisa wa mipango anaweza kuiingiza moja kwa moja kwenye jedwali lake.

Hatua ya tatu wanakubaliana. Baadhi ya wavulana wanataka taa ya mulika mwizi kwenye stendi ya bodaboda badala ya cherehani. Hapa ndipo baraza hupimwa. Likipeleka hoja zote mbili bila kusema ipi itangulie, mtu mwingine atawachagulia. Wanajadiliana, wanapiga kura, na kuandika matokeo: cherehani mwaka huu, taa iandikwe ya pili. Walioshindwa kura wanaahidiwa kwa maandishi kwamba hoja yao itatangulia mwaka ujao. Bila ahadi hiyo, bodaboda hawatarudi kikaoni.

Hatua ya nne wanaandika barua ya ukurasa mmoja na kuipeleka kabla ya katikati ya Agosti, mpango ukiwa bado unaandaliwa. Inaweza kuwa hivi:

Kwa: Idara ya Fedha na Mipango ya Kaunti.
Nakala: Idara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, Karani wa Bunge la Kaunti, Mwakilishi Wadi, Msimamizi wa Wadi.
KUH: Pendekezo la vijana wa wadi kwa Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao wa fedha.

1. Sisi ni vijana kutoka vikundi tisa vya wadi hii. Tulikutana tarehe iliyoandikwa kwenye kumbukumbu tuliyoambatisha.
2. Tatizo: chuo cha ufundi kina cherehani nane na tatu tu ndizo zinazofanya kazi. Wanafunzi kumi na watano wanagawana hizo tatu.
3. Ombi: cherehani tano zitengenezwe na nyingine nne zinunuliwe. Makadirio ya gharama kutoka kwa fundi na duka yameambatishwa.
4. Jambo hili linalingana na lengo la mafunzo ya ufundi katika mpango wa miaka mitano wa kaunti, ukurasa tuliouonyesha.
5. Tunaomba kujibiwa kwa maandishi kama pendekezo limeingizwa au la, na ikiwa la, sababu ni ipi.

Barua itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu, iambatane na orodha ya waliohudhuria, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ikiwa na tarehe. Nakala hiyo ndiyo ushahidi. Kijana aliyesema mkutanoni anaweza kuambiwa hakumbukwi. Barua yenye muhuri haisahauliki.

Hatua ya tano wanarudi Septemba kuutazama mpango uliowasilishwa. Hoja ikiwa imo, wanaifuata Februari na Aprili kuhakikisha haijadondoka njiani. Ikiwa haimo, wana muda wa kuuliza sababu na kupeleka hoja tena wakati wa waraka wa Februari.

KAUNTI NAYO INADAIWA NINI?

Ushirikishwaji una pande mbili. Vijana wanapaswa kufika mapema na wakiwa wamejiandaa, na serikali ya kaunti inapaswa kuwafungulia njia. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinataja kupata habari kwa wakati kuwa msingi wa kwanza wa ushiriki wa wananchi. Tangazo linalotoka leo kwa mkutano wa kesho halitimizi hilo. Vivyo hivyo makadirio ya kurasa mia kadhaa yanayoletwa ukumbini asubuhi ya mkutano.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi kati ya kampuni ya British American Tobacco Kenya na Wizara ya Afya, ilieleza vigezo vya ushiriki wa umma. Ilisema ushiriki uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Jambo linalojadiliwa lielezwe waziwazi, utaratibu uwe rahisi kueleweka, uwakilishi uwajumuishe wanaohusika, na wananchi waelimishwe kwanza ili waweze kuchangia. Mahakama ilieleza pia kwamba madai ya kutoshirikishwa hayabatilishi jambo moja kwa moja; kila kesi huangaliwa kwa mazingira yake. Maana yake kwa kijana ni kwamba kumbukumbu ni muhimu: tarehe ya tangazo, nyaraka zilizotolewa, waliohudhuria, na kilichosemwa.

Kijana anayetaka nyaraka ana Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotilia nguvu Ibara ya 35 ya Katiba. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Afisa anapaswa kulitolea uamuzi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kupeleka suala hilo kwa tume ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman ndani ya siku 30.

Ikiwa barua imepuuzwa kabisa, kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kwa maandishi, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti kujibu maombi hayo bila kuchelewa. Njia hii haihitaji wakili.

BAJETI IMEPITA. KAZI IMEKWISHA?

Haijaisha. Mradi unaweza kuandikwa kwenye bajeti na mwaka ukaisha bila kuguswa, ama kwa kuchelewa kwa fedha, ama kwa kuchelewa kwa zabuni, ama kwa uzembe. Msimamizi wa Bajeti hutoa kila robo mwaka ripoti ya jinsi kaunti zinavyotumia bajeti zao. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu baada ya mwaka kwisha. Ripoti zote mbili ni za umma. Baraza la vijana likiwa na mtu mmoja wa kusoma ukurasa unaohusu kaunti yake na kuwaelezea wenzake kila baada ya miezi mitatu, litakuwa limefanya kazi kubwa.

Kufuatilia kwenyewe kunaweza kuwa kwa njia rahisi. Cherehani zilizoandikwa ni ngapi? Zilizofika ni ngapi? Zinafanya kazi? Zimefungiwa stoo au ziko darasani? Vijana wanaokaa jirani na chuo wanaweza kujibu maswali haya kabla ya mkaguzi yeyote.

Hapa kuna tahadhari. Sheria ya ununuzi wa umma hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana ana haki ya kuomba zabuni kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Lakini aliye kwenye kamati ya kufuatilia mradi hawezi kuwa mwuzaji wa vifaa vya mradi huo huo. Aseme mapema kwamba ana maslahi, na ajiondoe kwenye ufuatiliaji. Mabaraza mengi hufa kwa sababu ya jambo hili. Wenzake wakishuku kwamba kiti cha baraza ni njia ya mkato ya kufikia zabuni, hawatamchagua mtu tena; watagawana tu.

Tahadhari ya pili ni posho. Vijana wakizoea kwenda mkutanoni kwa ajili ya nauli na soda, siku posho itakapokosekana ukumbi utakuwa mtupu. Nauli ya mjumbe anayetoka mbali ni haki yake, na vikundi vinaweza kuichangia. Kuuza nafasi ya kusema ni jambo lingine.

Tahadhari ya tatu ni siasa za uchaguzi. Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kadiri siku hiyo inavyokaribia, wagombea watataka baraza la vijana liwe lao. Mjumbe ana uhuru wa kumuunga mkono amtakaye, lakini daftari, muhuri na jina la baraza visitumike jukwaani. Baraza litahitaji kuzungumza na yeyote atakayeshinda.

TULICHOJIFUNZA MWAKA 2024

Mwezi wa Juni 2024 vijana wengi nchini waliusoma Mswada wa Fedha wa kitaifa, wakaufafanua kwa lugha nyepesi na kuusambaza kwa simu zao. Maandamano yalifuata, watu walipoteza maisha, na Rais William Ruto akakataa kutia sahihi mswada huo. Kila mmoja ana maoni yake kuhusu siku zile, lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba vijana hawawezi kusoma nyaraka za fedha za serikali.

Kaunti nayo ina nyaraka kama hizo kila mwaka, na husomwa na wachache mno. Ndani yake mna ada ya maegesho ya pikipiki, ushuru wa soko ambao mama mboga atalipa, fedha za basari, na cherehani za chuo cha ufundi. Nyaraka hizi zinahusu mambo yaliyo mlangoni kwa kijana kuliko mengi yanayojadiliwa Nairobi. Zinaweza kubadilishwa kwa barua ya ukurasa mmoja iliyofika Agosti, kabla ya mtu yeyote kulazimika kupaza sauti barabarani. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika bajeti kuwepo kuna tarehe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja mambo matatu yanayowasumbua vijana wa kijiji chenu. Ni lipi lililo chini ya kaunti, na ni lipi lililo chini ya serikali ya kitaifa?

2. Leo ni mwezi gani? Kwa kufuata kalenda iliyo hapo juu, ni hatua gani ya bajeti iliyo wazi kwa maoni sasa, na ni ipi inayofuata?

3. Chagueni mradi mmoja ulioahidiwa katika wadi yenu mwaka jana. Nendeni mkautazame. Mlichokuta kinalingana na kilichoandikwa?

4. Kikundi chenu kikigawanyika kati ya hoja mbili, mtaamuaje? Mtafanya nini ili walioshindwa kura wabaki nanyi?

5. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kuhusu hoja mliyoichagua, kwa kufuata mfano uliotolewa. Nani ataipeleka, lini, na nani ataweka nakala yenye muhuri?

Mkazi asiyejua ofisi ya kuanzia aende kwa msimamizi wa wadi yake. Aulize mambo mawili: tarehe ya mkutano ujao wa maoni ya bajeti, na mahali pa kupata Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka. Majibu yote mawili ni haki yake, na hayana malipo.